Kadi ya Kati, Laptopu na Joto la Kisumu: Mwongozo Kamili wa Kupata Fremu Unazostahili

Kadi mbili za picha, yaani kile kifaa kinachochora gemu, zenye jina moja, RTX 3060, zinaweza kupishana hadi ukadhani ni za vizazi tofauti. Moja imo ndani ya laptopu nyembamba iliyotengenezwa ibebeke kwenye begi la ofisi, nayo imeruhusiwa wati 60 tu. Nyingine imo kwenye mashine nene yenye feni kubwa, na inakula wati 115. Kibandiko karibu na kibodi ni kile kile, na muuzaji atakutajia bei akitazama kibandiko.

Mchezaji wa Kisumu, Kakamega, Bungoma au Nakuru alijue hili kabla ya yote: kadi ya kiwango cha kati kwenye laptopu mara nyingi haikosi nguvu, inazuiwa. Inazuiwa na chaja, na joto, na RAM ya kipande kimoja, au na njia ndefu ambayo picha hupitia hadi kufika kwenye skrini. Kazi iliyo mbele yetu ni kumsaka huyo mzuiaji kwa mpangilio, tukianza na yule anayeiba fremu nyingi zaidi, yaani zile picha ambazo kadi huchora kila sekunde. Usikimbilie kushusha mipangilio ya gemu. Wengi huanza hapo, wakaishi na picha mbaya kwenye mashine ambayo ingeweza kuonyesha picha nzuri.

Ijue kadi kwa wati zake

Kadi za kati si nyingi, unaweza kuzijua zote jioni moja. Kuna GTX 1650 ya 2019 yenye GB 4 za VRAM, ambayo ni kumbukumbu ya kadi yenyewe. Kuna RTX 3050 ya 2021, nayo mara nyingi ina GB 4, na RTX 3060 ya mwaka huo huo yenye GB 6. Kisha zikaja RTX 4050 ya GB 6 na RTX 4060 ya GB 8, zote za 2023.

Kila moja ina kiwango cha chini na cha juu cha wati, na mtengenezaji wa laptopu ndiye anayechagua. RTX 3050 inaanzia wati 35 hadi 80. RTX 3060 inaanzia 60 hadi 115. RTX 4050 na 4060 zinaanzia 35 hadi 115. Juu ya hapo kuna Dynamic Boost, mpango wa NVIDIA unaohamisha wati kutoka kwa prosesa kwenda kwa kadi pale prosesa isipokuwa na kazi nyingi; kwa kizazi cha RTX 30 ni wati 15 hivi. Kasi nayo hufuata wati. RTX 3060 ya wati chache imeandikiwa 1,283 MHz, ya wati nyingi 1,703 MHz. Kwa RTX 4060 pengo ni kubwa zaidi: 1,470 hadi 2,370 MHz.

Zamani kadi ya wati chache ilikuwa na neno Max-Q mwishoni mwa jina, basi mnunuzi alijua. Kuanzia kizazi cha RTX 30 alama hiyo iliondoka kwenye majina ya kadi. Kwa hiyo fungua NVIDIA Control Panel, bonyeza Help, kisha System Information, utafute mstari wa Maximum Graphics Power. Namba iliyo hapo iandike kwenye daftari, maana hatua zote zinazofuata zinarudi kwake.

Usilinganishe kadi hii na ndugu yake wa kompyuta ya mezani. RTX 3060 ya laptopu ina kore 3,840 na ya mezani ina 3,584, ukitazama hapo tu utasema ya laptopu imeshinda. Lakini ya mezani ina GB 12 za VRAM na wati 170. Video ya mtu anayejaribu kadi ya mezani haikwambii laptopu yako itafanya nini.

Ikiwa bado hujanunua, hapa ndipo pesa zako zinaokolewa. Ukiingia duka la Oginga Odinga Street au la Kenyatta Avenue kule Nakuru, nenda na flashi yenye HWiNFO, programu ya kusoma wati na joto, ile isiyohitaji kusakinishwa, pamoja na FurMark, inayoitwisha kadi mzigo mzito. Mwambie muuzaji kwa heshima, "Boss, naomba tuiwashe na chaja yake niifanyie mtihani wa robo saa." Muuzaji anayeiamini mashine yake atakukubalia na hata kukuletea kiti. Soma wati na joto dakika ya pili, kisha usome tena dakika ya kumi na tano. Laptopu iliyopoa hupendeza dakika za mwanzo. Tabia yake ya kweli huonekana ikishapata moto. Na kati ya RTX 3070 ya wati 80 na RTX 3060 ya wati 115, usidhani namba kubwa ndiyo bora. Ya pili inaweza kuifikia ya kwanza, hata kuipita, nayo kwa kawaida ni ya bei nafuu.

Pima kabla ya kugusa chochote

Sakinisha MSI Afterburner, programu ya kusoma na kurekebisha kadi. Ni ya bure, na inafanya kazi hata kama laptopu yako ni HP, Lenovo au Acer. Inakuja na RivaTuner, ambayo ndiyo inayoandika tarakimu kwenye kona ya skrini ukiwa ndani ya gemu. Washa hizi: matumizi ya kadi kwa asilimia, joto lake, wati, MHz, VRAM iliyotumika, joto la prosesa, fremu kwa sekunde, na zile fremu za chini za asilimia 1, yaani kasi ya zile fremu chache zinazochelewa kuliko nyingine.

Hizo za asilimia 1 ndizo mkono wako unazihisi. Ukiwa na fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 16.7 za kutayarishwa. Ukiwa na 144 ina 6.9. Fremu moja ikichelewa hadi milisekunde 50, unaona mchezaji wako amesimama kidogo halafu akaruka, ingawa wastani bado unasoma 90. Wastani mzuri wenye fremu za chini mbovu ni gemu isiyochezeka.

Chagua mahali pamoja pa kupimia. Cyberpunk 2077, Forza Horizon 5, Red Dead Redemption 2 na GTA V zina jaribio lake ndani ya menyu. Kwa EA Sports FC, cheza mechi ile ile kila mara: uwanja ule ule, timu zile zile, kamera ile ile, hali ya hewa ile ile. Acha gemu iende nusu saa nzima, ndipo uandike.

Sasa soma ulichoandika. Kadi ikitumika asilimia 95 kwenda juu, na wati ziko karibu na ile namba ya daftarini, na joto liko chini ya digrii 85, kadi inafanya kazi yake yote. Ruka hadi sehemu ya mipangilio ya gemu.

Matumizi yakiwa juu lakini wati zimeshuka chini sana na joto limegota digrii 86 au 87, mzuiaji ni joto. Matumizi yakiwa juu, wati ziko chini na joto ni digrii 65 tu, tazama chaja au hali ya nguvu uliyochagua. Matumizi yakiwa asilimia 60 huku fremu zikiwa chache, kadi inasubiri mtu mwingine: prosesa au RAM. Kuhakikisha, shusha resolusheni kutoka 1080p hadi 720p. Fremu zisipoongezeka, kadi haina hatia. Na VRAM ikiwa imejaa hadi ukingoni huku picha inakwamakwama kila ukigeuza kamera, umepakia tekscha kuliko uwezo.

Ila kwa wenye RTX 4060: mkiona kadi inasoma wati 95 au 100 wakati kikomo chake pamoja na Dynamic Boost ni 140, msihangaike. Kadi hiyo mara nyingi hufika ukomo wa volti zake kabla ya kumaliza wati alizoahidi mtengenezaji. Hakuna fremu zilizofichwa hapo.

Chaja na stima

Laptopu ya gemu kwenye betri ni nusu laptopu. Betri haiwezi kutoa wati zote zinazotakiwa, hivyo mashine hujipunguza yenyewe. Cheza ikiwa kwenye chaja, tena chaja yake.

Soma maandishi yaliyo kwenye tofali la chaja, upande wa OUTPUT. Zidisha volti kwa ampea: volti 20 kwa ampea 11.5 ni wati 230, volti 19.5 kwa ampea 9.23 ni wati 180. Mashine iliyotoka kiwandani na chaja ya wati 230 ikapewa ya 120 kwa sababu pini imeingia, itawaka, itajaza betri, na huenda usione onyo lolote. Lakini kadi haitazifikia wati zake. Mashine za mitumba hupotezana na chaja zake njiani, kwa hiyo hili si jambo la nadra. Chaja za USB-C za wati 65 au 100 ni za kuandika ripoti, si za gemu.

Baada ya chaja, fungua programu ya mtengenezaji, kama Armoury Crate, Lenovo Vantage, NitroSense au OMEN, uchague hali ya juu ya utendaji. Kwenye mashine nyingi hali hiyo ndiyo inayofungua wati za kadi. Kule Windows nako weka nguvu kwenye utendaji bora.

Stima yetu nayo tuizungumze. Chaja nyingi hupokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo stima ikififia jioni mtaani, laptopu haitakosa fremu. Hatari iko pale stima inapopotea na kurudi kwa kishindo. Tumia kile kifaa cha kulinda friji au TV, kinachosubiri dakika chache kabla ya kuruhusu stima ipite, na kukiwa na radi za mchana, ambazo ukanda huu wa ziwa unazijua vizuri, chomoa kabisa. Kuhusu tokeni: mashine inayovuta wati 150 kwa saa nne inakula yuniti 0.6.

Joto, adui mkubwa wa huku chini

Hapa nitakaa, kwa sababu Kisumu haifanani na jiji lolote la wale wanaorekodi video za majaribio wakiwa na kiyoyozi. Tuko ufuoni mwa ziwa, karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na mchana wa kawaida hukaribia digrii 30. Ndani ya nyumba ya mabati saa tisa alasiri ni zaidi.

Joto la kadi hujengwa juu ya joto la chumba. Chumba kikipanda digrii 8, kadi nayo hupanda karibu digrii 8 kwa wati zile zile na feni ile ile. Kadi inayosoma digrii 78 alfajiri inaweza kusoma 86 alasiri, na kuanzia hapo inaanza kujipunguza kasi. Kadi nyingi za NVIDIA za laptopu huwekewa kikomo karibu na digrii 87. Ndiyo maana rafiki yako wa Nakuru mwenye mashine kama yako anapata fremu nyingi zaidi na hajagusa chochote: kule ni karibu mita 1,850, na usiku unahitaji sweta. Lakini hata yeye ana hesabu yake. Hewa ya Kisumu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya kumi, ya Nakuru kwa karibu sehemu moja ya sita, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo kwa kila mzunguko wa feni. Baridi ya Nakuru inalipa deni hilo na kubakiza chenji. Kisumu tunalipia pande zote mbili.

Anza na kilicho bure. Inua nyuma ya laptopu sentimita tatu hivi. Vitabu viwili pembeni, katikati pakiwa wazi, vinatosha. Feni huvuta hewa kutoka chini, na meza ikiziba matundu hayo, inazungusha moto wake yenyewe. Kitanda na kochi visahau. Elekeza feni ya nyumba ipulize kutoka ubavuni ili iondoe hewa ya moto inayotoka, isirudi kuvutwa tena. Zile pedi zenye vifeni vya bei rahisi husaidia hasa kwa sababu zinainua mashine, kwa hiyo usizinunue kabla ya kujaribu vitabu.

Kisha usafi. Vumbi la barabara za murram huingia, hukutana na unyevu wa ziwa, hugeuka blanketi laini kati ya feni na mapezi ya shaba. Wanaoishi karibu na maji, Dunga kwa mfano, wana la ziada: wadudu wa ziwani. Wakija na wingu lao jioni hufuata mwanga, na laptopu iliyowashwa karibu na dirisha huwavuta hadi ndani ya feni. Jioni za namna hiyo funga dirisha au weka wavu.

Kusafisha hufanywa hivi. Zima mashine kabisa, usiilaze tu. Chomoa chaja. Fungua skrubu za chini na uzipange kwenye karatasi kwa mpangilio zilivyokaa, kwa sababu nyingine ni ndefu na ukizichanganya unaweza kutoboa kava. Pandisha kava polepole kwa kadi ya plastiki. Kabla ya kugusa kingine, chomoa waya wa betri kwenye ubao. Shika panga za feni kwa kidole zisizunguke, ndipo upulize kwa blowa kutoka upande wa mapezi kuelekea ndani, na umalizie kwa brashi laini. Feni ikizungushwa na blowa hupita kasi yake na kuharibu beringi. Kwa nyumba yenye vumbi, fanya hivi kila baada ya miezi minne au mitano.

Ikiwa mashine ina miaka miwili au mitatu na usafi haukushusha joto vya kutosha, pesti iliyo kati ya chipu na shaba imekauka. Hii mpelekee fundi anayefanya laptopu, na umuulize maswali kabla hajafungua. Je, atafuta pesti ya zamani kwa spiriti? Je, atairudisha ile mikeka laini inayokaa juu ya VRAM bila kuibadilisha kwa pesti? Unene wa mikeka hiyo umepimwa. Ukiwekwa pesti mahali pake, VRAM haigusi shaba tena na inaiva polepole. Na baadhi ya laptopu, ASUS ROG zikiwemo, huwa na metali ya majimaji juu ya prosesa. Hiyo hupitisha umeme. Tone likidondoka kwenye ubao, umeua mashine. Fundi asiyeijua asiiguse.

Kuna njia nyingine ambayo sichoki kuipendekeza. Kwenye laptopu nyingi prosesa na kadi hutumia mirija ile ile ya shaba, kwa hiyo prosesa inayochemka humchoma jirani yake. Fungua mipangilio ya kina ya nguvu ya Windows, tafuta Maximum processor state, ibadilishe kutoka 100 hadi 99. Prosesa itaacha kuruka kwenye kasi yake ya juu kabisa na joto lake litashuka sana, na kadi itapumua. Kwa gemu zinazoegemea kadi, kama Cyberpunk au Forza, hii ni faida tupu. Kwa Valorant, ambayo huegemea prosesa, irudishe 100. Kwenye mashine ambazo mstari huo haupo, chagua hali ya wastani ya prosesa ndani ya programu ya mtengenezaji.

Volti chache, kasi ile ile

Kiwandani kila chipu hupewa volti za kutosha hata kwa chipu dhaifu kuliko zote, na yako pengine haihitaji zote hizo. Ukizipunguza, wati na joto hushuka huku kasi ikibaki. Na kwenye kadi iliyofungiwa wati 60 au 80, kila wati uliyookoa inageuka MHz, kwa hiyo unapata fremu zaidi na joto pungufu kwa pamoja. Sijaona hatua nyingine inayolipa hivi bila kutoa hata shilingi.

Ndani ya MSI Afterburner bonyeza Ctrl na F. Mchoro wa volti na MHz utafunguka. Shusha kwanza mstari mzima kwa kupunguza Core Clock kwa MHz 200 hivi. Kisha tafuta nukta iliyo kwenye milivolti 850, uivute juu hadi 1,700 MHz ikiwa una RTX 3060, halafu ubonyeze alama ya kukubali. Nukta zote zilizo kulia zitalala sawa na hiyo, maana yake kadi haitavuka milivolti 850. Kwa kadi nyingine, chukua kasi ambayo kadi yako hukaa nayo baada ya nusu saa ya gemu, uifanye hiyo ndiyo shabaha.

Cheza saa moja. Gemu ikijifunga au vitone vya rangi vikitokea, punguza MHz 30 ujaribu tena. Ikitulia, jaribu milivolti 825, kisha 800. Usiweke alama ya kuanza pamoja na Windows mpaka umecheza siku kadhaa bila tatizo. Kushusha volti hakuunguzi kadi. Baya zaidi ni gemu kufunga na wewe kurudisha mpangilio wa kiwandani. Baadhi ya watengenezaji hufunga mchoro huu, na hapo hakuna la kufanya.

RAM na njia ya picha

Fungua Task Manager, Performance, kisha Memory. Ukiona nafasi iliyotumika ni 1 kati ya 2, umempata mzuiaji mwingine. RAM ya kipande kimoja hupitisha data kwa njia moja, na zinazoumia ni zile fremu za asilimia 1. Ongeza kipande cha pili kinachofanana kwa ukubwa na kasi, ufikishe GB 16. Hakikisha kwanza kama ni DDR4 au DDR5, kwa sababu haziingiliani.

Njia ya picha ni jambo ambalo hata mafundi hulisahau. Kwenye laptopu nyingi kadi ya NVIDIA haijaungwa moja kwa moja na skrini. Inachora fremu, inaikabidhi kwa kadi ndogo iliyo ndani ya prosesa, ndipo hiyo inaipeleka kwenye skrini. Ni kama abiria wa Kisumu kwenda Busia kulazimishwa kupitia Kericho: atafika, ila amechelewa bure. Kwenye gemu nyepesi zenye fremu nyingi, hasara huonekana zaidi.

Laptopu yenye swichi ya MUX ina chaguo ndani ya programu ya mtengenezaji au BIOS la kuzima njia hiyo ndefu. Tafuta maneno kama Discrete GPU au Ultimate, kisha uwashe upya. Isiyokuwa na swichi, jaribu monita ya nje. HDMI ya laptopu nyingi za gemu imeungwa na NVIDIA moja kwa moja. Kujua yako, chomeka monita, fungua NVIDIA Control Panel kwenye ukurasa wa Configure Surround, PhysX, utazame tundu limechorwa chini ya kadi ipi. Mwanafunzi wa Maseno mwenye monita ya mtumba ya inchi 24 ya 1080p anaweza kupata fremu zaidi kuliko kwenye skrini ya laptopu yenyewe. Kazi ikiisha rudisha njia ya kawaida, maana MUX ikiachwa kwenye NVIDIA betri huisha upesi darasani.

Ukiwa huko, ingia Settings za Windows, System, Display, Graphics, uongeze gemu yako na uipe High performance. Kuna gemu, hasa za zamani, ambazo huchagua kadi ndogo zenyewe.

Sasa ndiyo zamu ya mipangilio ya gemu

Tekscha, yaani picha zinazovikwa juu ya vitu vya gemu, hufuata VRAM. Mwenye GB 4 aweke za kati, mwenye GB 6 ajaribu za juu akitazama tarakimu kwenye kona, mwenye GB 8 ana nafasi zaidi kwa 1080p. VRAM ikijaa, data humwagikia kwenye RAM ya kawaida, na picha huanza kukwama. Ikiwa haijajaa, kushusha tekscha hakuongezi fremu karibu yoyote, kunaharibu picha tu. Nyasi za uwanja wa FC zisipakwe tope bila sababu.

Vinavyokula kadi kweli ni vivuli, miakisi, ukungu wa mwanga na miale (ray tracing). Miale izime kwenye kadi za GB 4 na 6. Inakula VRAM na nguvu kwa pamoja. Vivuli vishushe kutoka juu kabisa hadi kati, macho yako hayataona tofauti ukiwa unakimbia.

Kisha DLSS, mbinu ya NVIDIA ya kuchora picha ndogo na kuikuza. Kwa 1080p, DLSS ya Quality huchora picha ya 1280 kwa 720, yaani pikseli 921,600 badala ya 2,073,600, halafu huijenga upya kufikia ukubwa kamili. Kadi inachora chini ya nusu ya kazi. Nakushauri usishuke chini ya Quality kwenye 1080p. Ile ya Performance huanzia 960 kwa 540, na nyuso za wachezaji zinaanza kuyeyuka. Mwenye GTX 1650 hana DLSS, ila FSR, mbinu ya AMD inayofanana nayo, humfanyia kazi kwenye gemu zinazoiruhusu.

Fremu za kubuni, zile ambazo DLSS 3 kwenye RTX 40 huzichomeka kati ya fremu za kweli, ziwashe ukiwa tayari na fremu 60 za kweli. Ukianzia 30, tarakimu itapendeza na kidole kitachelewa. Kwa mechi ya ushindani ziache kabisa.

Mwisho, weka kikomo cha fremu. Skrini ya Hz 144 hubadili picha mara 144 kwa sekunde, haiwezi kukuonyesha fremu 200. Hizo za ziada ni joto na tokeni. Weka kikomo kwenye RivaTuner, 141 kwa skrini ya 144, au 60 kwa gemu nzito ambayo haiwezi kushikilia 90. Fremu 60 zilizotulia hupendeza machoni kuliko zinazopanda 95 na kushuka 48 kila ukigeuza kona.

Draiva mpya ya NVIDIA pakua kutoka tovuti yao, na kabla ya kuisakinisha fanya kipimo kile kile cha nusu saa, ukirudie baadaye. Ikiwa fremu zimeshuka, ondoa draiva kwa DDU, programu ya kufuta draiva kabisa, ukiwa Safe Mode, urudishe iliyotangulia. Na mtu akikupigia simu, "Omera, gemu yangu inachelewa kupiga pasi mtandaoni," mwambie atazame kwanza ping. Hiyo ni safari ya data hadi kwenye seva iliyo nje ya nchi na kurudi, na kadi yoyote utakayonunua haitaifupisha. Kebo ya Ethernet kutoka kwa ruta badala ya Wi-Fi inaweza kuituliza.